Seva ya Nane

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu kwa saa za kule, kama kawaida yake. Siku hiyo soko lilikuwa linaanza utaratibu mpya kwa ajili ya wawekezaji wadogo wadogo, na kampuni ya udalali wa hisa iitwayo Knight Capital ilikuwa imeandika programu mpya ya kuendana nao. Programu hiyo ilitakiwa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliyepewa kazi akaiweka kwenye saba.

Msikilizaji, ile ya nane ndiyo iliyoleta balaa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha programu ya zamani ambacho Knight walikuwa wameacha kukitumia tangu mwaka 2003, lakini hakuna aliyekifuta. Oda za wateja zilipoanza kuingia zikiwa na alama ya kuwasha programu mpya, seva saba ziliielewa alama ile sawasawa. Ya nane iliisoma kwa maana yake ya zamani, ikaanza kununua na kuuza bila kujua pa kuachia. Katika dakika 45, oda 212 za wateja zilizaa miamala zaidi ya milioni 4. Hasara ikapita dola milioni 460.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho wasimulizi wengi hukiruka, na mimi naona ndicho kichungu kuliko vyote. Wakati fedha zinateketea, mafundi walidhani ubaya uko kwenye programu mpya, wakaiondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Kumbe wamezirudisha zote kwenye ugonjwa wa ile ya nane. Mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilipochunguza, ilikuta kwamba hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ya wa kwanza, na wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu afanye ukaguzi huo. Mwaka 2013 Knight walikubali kulipa faini ya dola milioni 12, juu ya maji yaliyokwisha kumwagika.

Mimi simlaumu fundi yule. Kunakili mafaili kwa mkono kwenye mashine nane ni kazi ambayo hata mtu makini ataikosea siku moja. Inatosha simu iite. Tatizo langu ni kwamba hali ya seva zile ilitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na kumbukumbu ya mtu haifunguki wengine wakaisoma.

Knight walikuwa na seva zao wenyewe. Leo hii benki, vyuo, hospitali na hata vikundi vya kuweka na kukopa vinakodi seva kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Huduma ya Amazon iliyofungua njia hiyo, EC2, ilianza kutolewa Agosti 2006, na wengi hushangaa wakisikia kwamba iliundwa hapa hapa Afrika, mjini Cape Town, na timu ndogo chini ya mhandisi Chris Pinkham, ambaye alitaka kurudi kuishi Afrika Kusini na mwajiri wake akamruhusu aende na kazi. Kabla ya hapo, ofisi iliyotaka seva iliagiza, ikasubiri meli, ikalipa ushuru bandarini, ikatafuta chumba chenye kiyoyozi. Ilikuwa adha. Lakini njiani walikuwepo watu wa kuuliza maswali: mhasibu, afisa ugavi, mkurugenzi.

Wingu liliwaondoa wote hao. Mtu mmoja mwenye kadi ya benki anafungua ukurasa, anabofya mara chache, seva imewaka. Anabofya tena, kanzidata hiyo. Usiku umeenda, kitu kinakataa kuunganika, basi anabofya kuruhusu mlango fulani uwe wazi kwa dunia nzima, kwa muda tu, asubuhi ataufunga. Miezi sita baadaye mlango bado uko wazi, na hakuna anayekumbuka ulifunguliwa na nani wala kwa nini.

Februari 2011 Amazon walitoa huduma ya CloudFormation, na ndipo violezo vilipoanza kuzoeleka kwa watu wa wingu. Kiolezo ni faili la maandishi. Unaandika unachotaka kiwepo. Namna ya kukifikisha hapo si kazi yako.

Chukua kamati ya harusi na yule bwana wa kukodisha viti na maturubai. Kamati haimwelekezi apakieje Fuso wala aanze kushusha upande gani. Inampa karatasi: viti 300, maturubai 4, meza kuu 1, jenereta 1. Akifika uwanjani akakuta viti 290 vipo tayari, analeta 10. Ukimpa karatasi ile ile kwa mara ya pili, na kila kitu kimetimia, hagusi kitu. Ila uwe mwangalifu: ukiikata meza kuu kwenye karatasi, atakuja kuiondoa, hata kama bwana harusi ameshaketi. Kwenye hilo la meza kuu tutarudi.

Hebu tukisome kiolezo kimoja. Tuseme ni cha SACCOS ya walimu, wanaotaka wanachama waone salio lao kwenye simu. Mstari wa juu kabisa una tarehe: 2010-09-09. Hilo ni toleo la muundo wa kiolezo, na hadi leo ndilo pekee linalokubalika. Mtu akikaa leo kuandika kiolezo kipya kabisa, bado anaandika juu yake tarehe ya mwaka 2010. Chini yake sentensi moja ya maelezo. Kisha vigezo, yaani nafasi zilizoachwa ili zijazwe wakati wa kutumia: mazingira haya ni ya majaribio au ya kazi halisi? Seva iwe ya ukubwa gani? Mwandishi mwenye busara huorodhesha hapo hapo majibu yanayoruhusiwa, ili atakayejaza jambo lingine arudishwe mlangoni. Halafu inakuja sehemu yenye uzito, ile ya rasilimali, ambayo ndiyo pekee ya lazima. Mtandao wa ndani. Kanzidata, na kwenye maelezo yake neno moja linalosema isifikike kutoka nje. Seva mbili. Chombo cha kugawa wateja kati ya seva hizo. Mwishoni, matokeo: anwani ambayo wanachama wataifungua.

Kanzidata imetaja jina la mtandao itakamokaa, na seva nazo zimeitaja kanzidata. Kutokana na kutajana huko, CloudFormation inajua yenyewe kipi kitangulie. Ukiianzisha, unakaa unatazama mistari ikijipanga: mtandao unaundwa, mtandao umekamilika, kanzidata inaundwa, na hapo unaweza kwenda kuchemsha chai, maana kanzidata haina haraka na mtu. Kitu kimoja kikigoma, kwa kawaida yake hubomoa vyote ilivyokwisha kuvijenga katika safari hiyo na kukurudisha mwanzo. Jambo hili huudhi kweli. Umesubiri weee, halafu kila kitu kinafutwa kwa sababu ghala la mafaili, kitu cha mwisho kwenye foleni, umelipa jina lenye herufi kubwa, na herufi kubwa haziruhusiwi. Hata hivyo, afadhali hilo kuliko kuachiwa nusu ya mfumo unaosimama kwa mguu mmoja.

Kwa miaka mitano na zaidi violezo hivi viliandikwa kwa muundo wa JSON, uliojaa mabano na usioruhusu maelezo ya pembeni. Septemba 2016 Amazon wakaruhusu na YAML, unaosomeka karibu kama orodha ya kawaida. YAML ina vituko vyake. Kwa kanuni zake za zamani, ukiandika ufupisho wa jina la nchi ya Norway, herufi mbili N na O bila alama za kunukuu, kompyuta inaona umesema hapana, na nchi nzima inageuka kuwa jibu la kukataa. Lakini YAML ilileta jambo ambalo mimi nalithamini kuliko muundo wenyewe: unaweza kuandika pembeni sababu. Mlango huu umeachwa wazi kwa ajili ya benki tunayoshirikiana nayo, usiufunge kabla ya kuwapigia. Sentensi kama hiyo itamwokoa kijana atakayeajiriwa mwaka kesho.

Wauza huduma za wingu husifia kasi. Mfumo mzima kwa dakika kumi na tano! Sawa, ni kweli, na kasi ina raha yake. Bili ya wingu kwa wengi wetu inakuja kwa dola, na ofisi yenye kiolezo inaweza kusimamisha mazingira ya majaribio asubuhi na kuyabomoa yote jioni kwa amri moja, isilipie seva zinazolala. Lakini kasi mikononi mwa mtu asiyeangalia ni kukosea mapema tu. Ninachokitafuta mimi kwenye kiolezo ni kusomeka: kwamba mtu wa pili, yule aliyekosekana kule Knight, ana kitu cha kushika na kukikagua kabla mashine haijaguswa.

Zana iliyoliweka hilo mbele kuliko nyingine ni Terraform. Ilitolewa Julai 2014 na kampuni ya HashiCorp, iliyoanzishwa na vijana wawili, Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar, na inafanya kazi kwenye mawingu ya kampuni nyingi, si moja. Terraform ina hatua ya mpango. Unaipa maandishi yako, inakwenda kutazama kilichopo, inalinganisha, halafu inarudi na orodha ya inachokusudia kufanya, bila kugusa chochote. Mbele ya kila kitu kuna alama. Ya kujumlisha: kitaundwa. Kiwimbi: kitarekebishwa kilipo. Ya kutoa: kitaondolewa. Chini kabisa kuna jumla: vitaongezwa vingapi, vitabadilishwa vingapi, vitafutwa vingapi. CloudFormation nayo ikapata utaratibu wa aina hiyo mwaka 2016.

Kuna alama moja ambayo ningewaomba mafundi waiogope, nayo ni ile ya kutoa na kujumlisha zikiwa pamoja. Maana yake ni kwamba kitu kitafutwa na kingine kipya kitaundwa mahali pake. Kwa seva isiyotunza kitu, si neno. Sasa rudi kwenye SACCOS yetu, na tuseme safari hii wanatumia Terraform. Mkaguzi amekuja, amekuta kanzidata haikufungwa kwa msimbo wa siri, ameandika kwenye ripoti yake ifungwe. Fundi mtiifu anafungua kiolezo, anabadilisha neno moja, kutoka siyo kwenda ndiyo. Lakini kwenye kanzidata za Amazon za aina hii, kufunga huko hakuwezi kuwashwa juu ya kanzidata inayotembea. Inabidi iundwe mpya. Mpango unaonyesha ile alama pacha. Kama fundi amechoka na anagonga ndiyo bila kusoma, anayo kanzidata mpya, salama kabisa, isiyo na mwanachama hata mmoja ndani yake. Ndiyo meza kuu niliyoisema.

Kinga zipo. Unaweza kuandika kwenye kiolezo kwamba kitu fulani kisifutwe hata kikiondolewa kwenye orodha, au kwamba kabla ya kufutwa ipigwe nakala yake. Ni mstari mmoja. Mimi nikipewa kiolezo cha mtu nikikague, natafuta mstari huo kwenye kanzidata kabla sijaangalia kingine chochote.

Kuna na maradhi ya kiolezo kuachwa nyuma. Ofisi ina kiolezo kizuri, lakini usiku wa dharura mtu anaingia kwa mlango wa nyuma, anabofya, anatengeneza, na haandiki popote. Tangu hapo karatasi inasema hivi na uwanja uko vile, na siku kiolezo kitakapotumiwa tena, kinaweza kuyafuta matengenezo ya usiku ule kwa uaminifu wote. Amazon waliweka njia ya kuyabaini mapishano hayo Novemba 2018. Inasaidia, ila haimponyi mtu asiyetaka kuandika.

Na msidhani kwamba mtu wa pili akiwepo na maandishi yakiwepo, basi tumepona. Mei 2024 mfuko mkubwa wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, uliamka ukakuta sehemu ya mifumo yake iliyokuwa kwenye wingu la Google haipo. Haikuwa imezimika, ilikuwa imefutwa. Wanachama walikaa karibu wiki nzima bila kuweza kuingia kwenye akaunti zao. Google walipoeleza chanzo, kilikuwa kidogo mno. Wakati wa kuusimika mfumo ule, watumishi wao walitumia zana ya ndani, na nafasi moja ya kujazwa waliiacha tupu. Zana ikajijazia yenyewe: muda wa matumizi, mwaka mmoja, ukiisha futa. Mwaka ukaisha. Mfumo ukafuta. Wala tahadhari haikutumwa, kwa sababu tahadhari hutumwa mteja anapoomba kufutiwa, na hapa hakuna mteja aliyeomba.

Hakikuwa kiolezo cha aina niliyowasomea, lakini kosa ni la ukoo huo huo. Kule Knight mtu alisahau mashine moja kati ya nane, na madhara yakaonekana siku ya kwanza ya kazi. Kwa UniSuper nafasi tupu ilikaa kimya mwaka mzima. Otomatiki hutekeleza ulichoandika, na usichoandika hukijaza kwa kadiri alivyoona aliyeitengeneza, ambaye hajui wastaafu wako ni akina nani. Ndiyo maana nikikagua violezo huuliza zaidi juu ya vigezo vilivyoachwa vijijaze kuliko vilivyojazwa. Miongoni mwa mambo yaliyowaokoa UniSuper ni kwamba walikuwa na nakala za data zao kwa mtoa huduma mwingine. Kuna mtu pale alidai nakala hizo zilipiwe, na bila shaka kuna siku aliulizwa kwa nini.

Tusogee nyumbani. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na zote mbili zina masharti juu ya kuhamisha taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Uliza ofisi yako: taarifa za wateja wetu zinakaa nchi gani? Utajibiwa, ziko kwenye wingu. Kwenye Terraform jibu ni mstari mmoja. Ukiona af-south-1, ni Cape Town, ambako Amazon walifungua vituo vyao Aprili 2020. Ukiona eu-west-1, ni Ireland. Mwanasheria asiyejua kuandika hata programu ya kujumlisha mbili na mbili anaweza kuonyeshwa mstari huo na kuusoma mwenyewe, na afisa wa mamlaka ya kulinda data naye vilevile. Huko kwenye kubofya hakuna cha kumwonyesha, labda picha za kioo cha kompyuta.

Hapa nina dukuduku langu. Taasisi zetu zinanunua mifumo kwa fedha nyingi, na siku ya makabidhiano zinapokea kabrasha zuri, paswedi kwenye bahasha, na keki. Mkandarasi anaondoka na ujuzi wa jinsi mfumo ulivyosimikwa. Akaunti ya wingu wakati mwingine imefunguliwa kwa barua pepe yake mwenyewe. Ukija kutaka seva iongezwe, unamwita; ukitaka kuhamia kwa mwingine, mwingine anaanza upya kwa kubahatisha. Katika mikataba ambayo nimewahi kuulizwa maoni yake, neno violezo sikulikuta, ingawa aina ya viti vya chumba cha seva imetajwa hadi rangi.

Wengine wananiambia, zana zenyewe hazitabiriki, mtatuingiza kwenye mtego mwingine. Wana hoja. Agosti 2023 HashiCorp walibadilisha leseni ya Terraform wakaacha ile iliyokuwa huria kabisa, na mwezi uliofuata waliokataa wakaanzisha tawi lao, OpenTofu, chini ya Linux Foundation. Hata hivyo waliokuwa na violezo vyao mkononi waliweza kuhama bila kuviandika upya. Asiye na maandishi hakuwa na cha kuhama nacho.

Kwa hiyo, kwa mkurugenzi au mwenyekiti wa bodi anayenisikia jioni hii na mwezi ujao ana mfumo wa kupokea, nina mambo ya kuandikwa kwenye mkataba kabla ya kutiwa saini. Akaunti ya wingu iwe kwa jina la taasisi. Violezo vyote, pamoja na maelezo yake ya pembeni, vikae kwenye hifadhi ya taasisi, na kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili ambaye jina lake linabaki hapo. Halafu liwepo jaribio la siku ya makabidhiano. Mkandarasi anakaa pembeni, mikono mapajani. Kijana wenu wa TEHAMA anafungua akaunti tupu, anachukua violezo vilivyokabidhiwa, anausimamisha mfumo mzima upya, na mhasibu wenu anaingia na kufanya muamala mmoja wa majaribio. Ikishindikana, malipo ya mwisho yasubiri hadi iwezekane. Keki inaweza kuliwa.